Safu Tatu Zilizopinda

Vijana wangu, kila mnaponitembelea, mkishamaliza chai huniuliza swali lile lile: kazi hii ya dawa za akili nilisomea wapi? Mimi huwatajia Kampala, kisha nawatajia ng'ambo, nanyi huandika kwenye madaftari yenu kana kwamba nimesema jambo. Ni kweli nilikwenda huko kote. Vyeti vipo, mke wangu amevitundika sebuleni mahali ambapo vinaficha ufa wa ukuta. Lakini kile kipimo chenyewe, kujua kidonge kinatosha wapi na kinaanza kudhuru wapi, sikukisomea huko. Nilikisomea Amu, kisiwani Lamu, miaka ya sitini, kwenye kofia. Ni ile pale juu ya kabati. Msiiguse bado.

Nilipelekwa Amu miaka michache baada ya uhuru, nikiwa daktari mbichi, Mtaita ambaye hata kuogelea sikujua. Kwetu milimani watu walinipa pole, maana waliamini kwamba serikali ikitaka kumsahau mtu humpeleka kisiwani. Hospitali ilikuwa jengo la mawe lenye vitanda vichache na kabati moja la dawa. Ufunguo wa kabati hilo haukuwa wangu. Ulikuwa wa Bwana Omari, dresa wa hospitali, yaani mfunga vidonda, mtu wa Pate, mwenye kanzu safi na kofia iliyotiwa wanga ikasimama wima. Alikuwa ameshaona madaktari wanne wakija na kuondoka, nami alinipokea kama mtu anavyompokea wa tano.

Siku zile mgonjwa wa akili akichachamaa tulikuwa na paraldehidi. Nyinyi hamuijui, na heri yenu. Ilinuka mpaka ukirudi nyumbani paka anakukimbia. Mgonjwa akidungwa alilala, akiamka alikuwa yule yule ila sasa ananuka. Siku yangu ya kwanza kuitumia niliivuta kwa bomba jipya la plastiki nililolinunua Mombasa kwa majivuno makubwa. Nikiwa bado natafuta mahali pa kudunga, bomba likaanza kulainika mkononi. Dawa ile hula plastiki. Bwana Omari alinipa bomba la kioo, akachukua langu kwa vidole viwili, akalitupa. Vile vidole viwili viliniuma kuliko tusi.

Kisha zikaja klopromazini, vidonge ambavyo kwa mara ya kwanza vilituliza akili yenyewe badala ya kumlaza mtu tu. Nilikuwa nimevisoma vizuri. Kijitabu chake nilikijua kwa moyo. Ila kijitabu kiliandikwa na watu wasiomjua mgonjwa wa Amu.

Kwa mfano, kiliandika kwamba dawa huweza kushusha msukumo wa damu mgonjwa akisimama ghafla. Nikasoma, nikapita. Baadaye akaja mzee mmoja wa Chundwa, ametulia vizuri kabisa, lakini ana nundu kwenye paji la uso. Nilidhani amepigwa. Bwana Omari akamwuliza maswali mawili tu, kisha akanigeukia: "Haya dakitari. Huyu yuwaanguka msikitini. Akiinuka kwenye sijida, kitwa chamzunguka, yuwala sakafu." Mara tano kwa siku mzee yule alikuwa akiinama na kuinuka, na mimi nimempa dawa inayokataza kuinuka. Tukavihamishia vidonge vyake vyote baada ya sala ya isha, alale navyo. Hakuanguka tena. Kijitabu hakikuwa na neno isha.

Wala hakikuwa na neno Ramadhani. Nilimwandikia mtu wa Ndau kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Mwezi ukaandama, naye kwa uchaji wake na hesabu yake akavimeza vyote vitatu pamoja juu ya tende wakati wa kufuturu. Alilala mpaka daku ikampita, akaamka na njaa, akaniapiza. Mtu huyo huyo alirudi baharini baada ya mfungo, jua likamchoma uso na mikono akawa mwekundu kama aliyeangukiwa na uji, kwa sababu dawa ile humfanya mtu asiwe na kinga ya jua. Niliyajua hayo pia. Nilikuwa nimeyasoma. Nilisahau tu mvuvi anafanya kazi wapi.

Nawasimulia haya msije mkadhani kosa nitakalolisema sasa lilikuwa kosa langu la kwanza. Lilikuwa baya kuliko yote tu.

Palikuwa na mwanamke kijana aitwaye Mwana Esha, akikaa na mama yake na kaka yake mkubwa, Bwana Famau, katika nyumba ya ghorofa nyuma ya soko. Alishona kofia za viua. Viua ni yale matundu madogo yanayotobolewa kwenye kitambaa cheupe na kuzungushiwa uzi mmoja mmoja mpaka yakafanya ua, nyota au mzabibu. Kofia moja huchukua miezi. Wanaume wa Amu walijua mkono wa kila mshonaji kama nyinyi mnavyojua mwandiko wa mpenzi, na mkono wa Mwana Esha ulijulikana mpaka Pate.

Mwaka ule alianza kukosa usingizi. Akaanza kuzungumza na baba yake aliyekwisha kufa, kisha kugombana naye. Nyumbani wakaita mwalimu wa Kurani, akaandika kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, ikakoshwa kwa maji ya waridi akanywa. Alitulia siku mbili. Ya tatu alifungua dirisha la juu akarusha sinia la shaba kichochoroni. Kesho yake akarusha mbuzi, ile ya kukunia nazi, na meno yake. Ilianguka hatua mbili mbele ya Bwana DC, mkuu wa wilaya.

Bwana DC alikuwa mtu wa bara kama mimi, na hakuwa mtu mbaya. Aliniita ofisini akanisukumia karatasi. "Daktari, jaza hii, utie sahihi. Polisi watamchukua. Leo ni mbuzi ya nazi, kesho ni nini? Mtoto wa mtu atapasuka kichwa."

Ilikuwa karatasi ya kumpeleka hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili huko bara. Safari yenyewe: mikono imefungwa, chombo mpaka Mokowe, lori na askari mpaka Mombasa, kisha gari la moshi. Nilimwuliza Bwana Omari ni wangapi kutoka Amu aliowaona wakienda. Akawataja majina. Nikamwuliza ni wangapi waliorudi. Akaanza kuwaning'inizia wagonjwa kadi zao vitandani.

Nikarudi kwa Bwana DC kuomba muda nimtibu nyumbani. Alinipa mwezi mmoja. "Mwezi," akasema, "na dirisha lifungwe kwa misumari."

Hivyo ndivyo nilivyopata mgonjwa nisiyeweza kumwona. Mama yake alikuwa tayari kuniruhusu, akasema maradhi yana ruhusa zake, lakini Mwana Esha mwenyewe alikataa. Mwanamume mgeni asingemwona uso, mwenye akili au asiye nayo. Basi niliketi darini, ghorofa ya juu, nje ya chumba chake, mbele yangu pazia kuukuu la mlangoni, naye nyuma ya pazia. Alinitolea mkono nikapima mapigo, nikauliza maswali, nikaandika. Famau alisimama kando yangu. Kwa daktari wa akili, uso ni nusu ya kitabu. Mimi nilipewa mkono na sauti.

Nilianza na vidonge vitatu kwa siku, mama akivisimamia. Mwalimu aliendelea na kombe lake, nami nikataka kukataza, Bwana Omari akaniambia: "Wacha, dakitari. Kombe na kidonge hayagombani tumboni." Juma la kwanza Mwana Esha alilala. Juma la pili akaamka, akala, akaomba kitambaa chake. Mtu mmoja alikuwa amemwagizia kofia ya kuvaa siku ya Maulidi, akaianza upya, kitambaa kipya. Famau alikuja hospitalini akicheka peke yake njiani.

Hapo ndipo daktari mwenye busara angekunja mikono. Mimi niliuliza: je, baba yake bado anaongea naye? Famau akasema mara moja moja, alfajiri, kwa upole tu. Nikatazama kalenda. Siku kumi na tano zimebaki. Nilitaka nimpelekee Bwana DC mgonjwa msafi, asiye na baba hata alfajiri. Nikaandika vidonge sita.

Siku nne baadaye Famau alikuja na uso mwingine. "Dakitari, hatulii. Yuwatembea ndani tangu alfajiri, akenda akirudi. Ukimwambia keti, huketi kidogo, huinuka. Mama hayalala yana kwa nyayo zake."

Nikaenda. Nilisikia nyayo kabla sijafika juu. Mkono ulipotoka nyuma ya pazia ulikuwa unatetemeka, nami nikaandika kwenye daftari: ana hofu. Nikamwuliza anajisikiaje. Maneno aliyonijibu nayakumbuka yote, kwa sababu baadaye nilikuja kuyasoma kwa mwandiko wangu mwenyewe.

"Kitwa changu kimetulia, dakitari. Ni miguu. Miguu haitaki kuketi."

Nikaandika: analalamikia miguu, hajitambui, ugonjwa unarudi kwa nguvu. Vidonge tisa.

Nadhani mnaona. Nyie mna bahati, mmefundishwa mwaka wa pili kwamba dawa hizi zikizidi humtia mtu wasiwasi wa mwili, asiweze kukaa wala kusimama, na mikono ikamtetemeka. Ukiitazama hali hiyo kwa haraka inafanana kabisa na wazimu, kwa hiyo daktari huongeza dawa, na mgonjwa huzidi kutembea, na daktari huongeza tena. Kwenye kijitabu changu ilikuwa mstari mmoja, herufi ndogo. Mimi nilijiambia dawa ya moto ni moto.

Siku mbili kabla ya mwezi kwisha nilikaa mezani hospitalini, nikajaza karatasi ya Bwana DC. Jina, umri, mtaa. Sababu: ameshindikana kwa dawa. Sitawadanganya kwamba nililia. Nilijisikia mchovu, na nilikuwa nimeshaanza kujitetea moyoni kwamba nilifanya niliyoyaweza. Hilo, wanangu, ni jambo la kuogopa kuliko machozi. Nilikuwa nimebakisha sahihi tu.

Famau akaingia. Hakuja kwa habari ya dada yake, au yeye hakujua kwamba ndiyo habari yenyewe. Alikuwa na kofia mkononi, haijamalizika, sindano ikining'inia. Alikuja kwa Bwana Omari, kwa kuwa mjini pale Bwana Omari alikuwa hakimu wa kofia.

"Mwenye kuiagiza amekuya kuitazama, ameikataa," akasema Famau. "Asema hini si ya Mwana Esha, tumempa mtu mwingine ashone. Mwambie wewe, Bwana Omari. Naapa ni mkono wake."

Bwana Omari aliipeleka dirishani. Aliizungusha polepole. Alivaa miwani yake, ambayo hata kwa kudunga wagonjwa hakuwa akiivaa. Kisha akauliza: "Ile alokuwa akishona alipokuwa akirusha masinia, iko?"

"Iko. Mama ameifita sandukuni."

"Kailete."

Famau alikimbia, akarudi nayo ndani ya mkoba wa ukindu. Bwana Omari akaziweka kofia mbili kwenye kizingiti cha dirisha, akaniita kwa kidole, kama mwalimu anavyoita mtoto.

"Mwenye mato haambiwi tazama," akasema. "Lakini wewe nitakwambia. Tazama."

Kofia ya kwanza, ile ya wakati wa ugonjwa, ilikuwa kichaa kitupu. Ua lilianza likaacha njia, nyota ikapanda juu ya mzabibu, viua vikajaa mahali palipotakiwa kuwa wazi, mpaka kitambaa kimekuwa kama chandarua. Lakini kila kiua kimoja kimoja kilikuwa duara kamili. Ungeweza kukipima kwa bikari.

Kofia ya pili ilikuwa kinyume. Ramani yake ilikuwa sawa. Ua liko mahali pa ua, nyota mahali pa nyota, hesabu haikukosewa hata moja. Safu mbili za mwanzo zilikuwa nzuri kabisa. Halafu zikaja safu tatu ambazo viua vyake vilikuwa vimepinda, vingine virefu kama mbegu ya tende, uzi umelegea hapa, umekazwa pale. Ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu, isiyofika mwisho bado, ilikuwa aibu.

"Hini," Bwana Omari akasema, akigusa ya kwanza, "mkono mzima, kitwa kigonjwa. Na hini, kitwa kizima, mkono mgonjwa. Maradhi yake huharibu ramani, dakitari. Kiloharibu mkono ni kitu chingine. Siyui ni nini." Alikuwa anajua vizuri sana ni nini. Ndiye aliyekuwa akivihesabu vidonge kutoka kabatini.

Nilimwuliza Famau safu moja humchukua siku ngapi. Tatu, nne, na siku hizi hata tano. Nikahesabu kurudi nyuma, kwenye kofia kwa kidole na kwenye daftari kwa kidole kingine. Kiua cha kwanza kilichopinda kilishonwa siku moja baada ya vidonge sita. Safu ya aibu ilikuwa ya vidonge tisa. Na katikati yake, kwa wino wangu: kitwa changu kimetulia, ni miguu.

Niliona haya. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu nyinyi mmenizoea nikisema mambo kama mtu anayesoma ramani ya barabara. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mwanamke alikuwa amepona siku kumi na tatu zilizopita, akaniambia kwa mdomo wake, nami nilikuwa nusura nimfunge mikono nimpeleke bara kwa ugonjwa niliomtengenezea mimi.

"Na huku anatembea hivyo," nikamwuliza Famau, "anashona vipi?"

"Husimama akaegemea ukuta. Hushona viua viwili, hutembea. Hushona viwili, hutembea. Asema lazima kofia iwahi Maulidi."

Nikaenda kwa Bwana DC na kofia zote mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazitazama zile kofia, akanitazama mimi.

"Daktari, uliomba mwezi nikakupa mwezi. Sasa unaniletea mapambo?"

"Naomba juma moja, mzee. Nataka kumpunguzia dawa."

"Anatembea usiku kucha, na wewe unataka kumpunguzia?"

"Ndiyo, mzee."

Tulikuwa wawili pale tusioelewa kofia, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nimeonyeshwa. "Juma moja," akasema mwishowe. "Kukirushwa kitu kingine, hata kijiko, utampeleka wewe mwenyewe, na utaketi naye ndani ya lori."

Nikarudi kwenye vidonge vitatu. Sikulala vizuri siku zile. Kama Bwana Omari na mimi tulikosea, baba yake angerudi na ugomvi wake, misumari ya dirisha ingeng'oka, na karatasi ilikuwa mezani ikingoja sahihi. Kila asubuhi Famau alileta kofia hospitalini kabla ya wagonjwa wa kwanza. Tuliitazama dirishani watatu sisi, kisha akairudisha nyumbani ishonwe. Siku ya kwanza na ya pili viua vilikuwa vibaya vile vile. Ya tatu Bwana Omari akasema labda. Ya nne nikaona mwenyewe, bila kuambiwa, kiua cha duara. Vikafuata vingine vinne. Ya tano Famau akasema Mwana Esha ameketi kula chakula chote bila kuinuka, na mama amelala usingizi mpaka jua limetoka. Nikauliza: na ramani? Bwana Omari akaifuata kwa ncha ya sindano, kiua kwa kiua. Ramani ilikuwa sawa.

Siku ya saba nikampelekea Bwana DC karatasi yake, haina sahihi. Aliichana vipande viwili, akaandika hesabu zake nyingine upande wa nyuma, kwa kuwa karatasi ilikuwa adimu. Hakuniuliza tena habari za mapambo, ila mwezi uliofuata nilimwona sokoni akizigeuzageuza kofia za watu.

Tangu hapo nikawa na desturi ambayo wanafunzi wengine wameniona nayo wakanicheka. Kabla sijampa mtu dawa namwuliza anafanya kazi gani ya mkono, na namwambia aniletee. Fundi seremala ameniletea tenoni, ule ulimi wa kuungia mbao, karani ameniletea mwandiko, mama mmoja ameniletea chapati kila Jumanne, na hizo nilizichunguza kwa makini mno. Damu mtapima maabara, ni sawa, pimeni. Lakini muulizeni mgonjwa mkono wake ulifanya nini jana.

Mwana Esha aliendelea na vidonge vitatu, baadaye viwili. Nilimtembelea kila mwezi kwa muda wote niliokaa Amu. Mkono, sauti, pazia. Yule mtu wa Maulidi alipatiwa kofia nyingine, wala sikuuliza ile ya kwanza ilikwenda wapi. Nilidhani imefumuliwa. Mshonaji wa sifa haachi kazi mbovu ionekane duniani.

Nikapata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, hizo dawa za akili sasa kwa jina lake kamili. Asubuhi ya kuondoka, kabla sijavuka kwenda Manda kwenye ndege, Famau alinikuta hospitalini nikiagana na Bwana Omari. Alikuwa na kitu kilichofungwa ndani ya leso. Ilikuwa ile kofia, imemalizika, imefuliwa, imetiwa wanga. Nzuri ajabu, isipokuwa katikati yake zilikuwapo zile safu tatu, zimepinda vile vile, hakuna uzi ulioguswa.

"Mbona hakuzifumua?" nikauliza.

Famau akamtazama Bwana Omari kidogo, kama aombaye ruhusa. "Nalimwambia azifumue. Akanambia: safu hizi tatu si zangu, ni za dakitari. Mpeni mwenyewe avae."

Bwana Omari akaangalia dari. Nikaivaa, ingekuwa utovu wa adabu kuacha. Mnajua kichwa changu, ni kikubwa, tangu shuleni kofia hazinienei. Hii ilinikaa sawasawa, kama niliyepimwa kwa uzi.

"Amejuaje kipimo?" nikasema. "Hatujaonana hata siku moja."

"Wewe hukumwona," akasema Famau kwa upole. "Pazia letu ni kuukuu, dakitari, lina matundu. Mwezi mzima wewe waandika, yeye yuwakutazama. Asema ulikuwa ukianza kuandika kabla ya yeye hayamaliza kusema."

Nilivuka kwenda Manda nikiwa nimeivaa, Mkristo wa milimani ndani ya kofia ya Maulidi.

Haya, ishusheni sasa. Anzeni kuhesabu kutoka ukingoni: safu mbili ni zake, halafu tatu ni zangu.